Chembe nyeupe 'wanafika' au 'zinafika'?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu, darasa la sita hapa Uyole, Mbeya, alijikata mguu kwa jembe tukivuna viazi, akaandika insha: "Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Wanafika kwenye kidonda na kupigana na bakteria walioingia." Mwalimu wake amekata "wanafika" akaweka "zinafika", ila "walioingia" hakuigusa. Kwani chembe si hai kama bakteria?

JIBU: Marahaba. Pole kwa mguu wa kijana.

Uhai peke yake hauleti upatanisho wa a-wa. Mgomba ni hai, lakini hakuna Mnyakyusa atakayesema "mgomba amezaa", umezaa. Bakteria wamepita mlango wa wadudu, maana watu husema kidonda kimeingia wadudu, ingawa kisayansi bakteria si wadudu. Virusi navyo vimepewa vi- kwa sababu ya umbo la neno tu. Chembe haina mlango wa namna hiyo: chembe zinafika. Mtoto alivutwa na "askari" aliyemwandika punde. Angeanza na "Askari hawa wanafika", kalamu nyekundu isingepata kazi.

Mimi nina neno na huyo askari mwenyewe. Chembe za kwanza hufika kidondani ndani ya saa chache, na kweli hupigana. Nyingi hufia hapohapo, na mizoga yake ndiyo sehemu kubwa ya usaha. (Kidonda hutunga usaha, kama mimba inavyotungwa; "kutengeneza usaha" ni Kiswahili cha kiwandani.) Siku ya pili au ya tatu huzidi makrofaji, chembe kubwa zinazokula mabaki hayo, kisha hutoa kemikali za kuziita seli za ngozi na mishipa midogo ya damu zije kuziba pengo. Askari gani huyo anayefagia uwanja wa vita, halafu akaita mafundi?

Tena vita visipokoma, ngozi haifungi. Hutokea sana kwa wenye kisukari: chembe hubaki katika hali ya kupigana, ujenzi hauanzi, na kinachobaki ni kidonda ndugu. Wingi wake ni vidonda ndugu, si "vidonda vindugu" kama nilivyosoma kwenye bango moja huko Makambako.

Kijana aandike: "Chembe nyeupe za damu zinafika kwenye kidonda, zinapigana na bakteria walioingia, kisha zinasafisha." Askari ampumzishe.