Kifurushi kilipoisha sikukilipia tena

Ilikuwa mwezi wa Mei, masika yamepamba moto hapa Kisauni. Nililipa kifurushi cha dishi asubuhi, shilingi 3,500 kwa M-Pesa, na ujumbe wa kupokelewa ukaingia. Jioni TV bado inaniambia sijalipa. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikachezewa muziki mpaka salio la simu likakata. Picha ilirudi kesho yake usiku, na haikumaliza robo saa, mvua ikaanza, ikapotea tena. Mume wangu akainuka akasema, "Basi leo tulale mapema." Kampuni siitaji, maana kila jirani niliyemsimulia alikuwa na kisa chake na kampuni yake.

Usiku ule nilipiga hesabu. Elfu tatu na mia tano mara miezi kumi na miwili ni shilingi 42,000. Mimi nauza viazi karai na bajia barazani jioni, kwa hiyo fedha kama hizo nazijua kwa wingi wa mafuta na unga wa dengu. Zilinitisha.

Lakini sikukata siku ile, na wewe nakusihi usikate kwa hasira. Watu wengi nawajua waliokata kwa hasira, wiki ya pili ligi ikaanza, wakarudi wakalipa na za juu. Nilichofanya ni kuchukua kipande cha katoni, nikakibandika ukutani kando ya TV, nikafunga kalamu kwa uzi. Kila mtu aandike anachotazama. Watoto waliona mchezo, mume wangu aliona upuuzi, mama mkwe alinituma mimi nimwandikie. Wiki mbili baadaye nikaiteremsha ile katoni, nikasoma.

Kifurushi chetu kilikuwa na chaneli zaidi ya mia. Sisi tulitazama saba. Mama mkwe: Makka, moja kwa moja, kuanzia alfajiri. Watoto: katuni. Mume wangu: mpira Jumamosi na Jumapili. Mimi na wote wengine: taarifa ya habari ya saa moja na tamthilia za stesheni zetu wenyewe. Chaneli nne kati ya saba zilikuwa za hapa hapa Kenya, zinazopita hewani bila malipo juu ya paa letu. Yaani tulikuwa tunalipia maji ya mvua.

Nadhani kosa hili lina historia. Wanaokumbuka Februari 2015 watakumbuka Citizen, NTV na KTN zilipotoweka hewani kwa wiki kadhaa, wakati wa ule mvutano wa vyombo vya habari na serikali juu ya kuhamia dijitali. Mtaani kwetu hofu ilikuwa moja tu: TV imekufa, usiponunua king'amuzi huoni kitu. Na ving'amuzi vilivyokuwa vikitangazwa kwa kelele vilikuwa vya kulipia. Tukaingia, tukakaa. Vichwani mwetu dijitali na kulipa kila mwezi vikawa kitu kimoja, na wala si kitu kimoja. Kuna matangazo ya dijitali ya ardhini yanayorushwa kutoka minara, kwa mfumo unaoitwa T2, na stesheni za bure zimo humo: KBC, Citizen, NTV, KTN, K24, TV47 na nyinginezo, kutegemea unakaa wapi. Unanunua kifaa mara moja, basi.

Kabla hujanunua chochote, zungusha TV yako uangalie nyuma, au tafuta kijitabu chake. Ikiwa imeandikwa DVB-T2, king'amuzi kimo ndani tayari, unahitaji antena tu. Nimeona watu wenye TV mpya kabisa wamenunua king'amuzi cha pili bila sababu. Yetu ilikuwa ya zamani, haina, kwa hiyo nikaenda mjini, Mwembe Tayari, nikauliza king'amuzi cha T2 kisicho na malipo. Muuzaji wa kwanza akanipa kimoja kwa bei ya chini mno. Muulize muuzaji swali moja tu: "Nikiacha kulipa, hiki kitanionyesha nini?" Nilipouliza, akaanza kunieleza habari za ofa. Nikajua ni cha kulipia, nikakirudisha. Duka la pili nilipata ninachotaka kwa 2,500, nikataka kiwashwe mbele yangu, na antena ya nje kwa 1,000. Jumla 3,500, kifurushi cha mwezi mmoja.

Sasa antena, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Siku ya kwanza tulipata stesheni mbili, tena picha inakatika vipande vipande kama mkate mkavu. Mume wangu alinitazama tu, hakusema neno, na kunyamaza kwake kulinichoma zaidi. Nikamwita kijana fundi wa mtaani. Hakuanza na antena. Alipanda juu ya paa, akasimama, akatazama mapaa ya watu.

"Mama, antena yako inaangalia baharini," akasema. "Za majirani wote zimeipa bahari mgongo."

Kweli. Nilipanda ngazi nikaona mwenyewe: antena zote za mtaa zimeelekea upande mmoja, isipokuwa moja juu ya nyumba iliyohamwa. Kwa hiyo kabla ya kununua programu wala kipimo chochote, tazama mapaa. Na tazama pia vile vijiti vyake vimelala au vimesimama, uige.

Jambo la pili alilolikuta lilikuwa kwenye waya. Ili kuokoa fedha nilitumia waya ule ule wa dishi, na waya wenyewe hauna ubaya, unafaa kwa antena vilevile, kinachobadilika ni kichwa chake tu. Lakini wetu ulikuwa umekaa juu ya paa miaka saba, na sisi tuliopakana na bahari tunajua chumvi inavyokula mabati, pasi na hata bawaba za milango. Alipofungua kile kichwa, shaba ya ndani ilikuwa kijani, na ule wavu wa nje umegeuka unga. Akakata kipande cha shubiri nzima, akakwangua mpaka shaba iking'aa, akafunga kichwa kipya, akakizungushia tepu kutoka chini kwenda juu ili maji yasipate pa kuingilia. Kisha pale waya unapoingia dirishani akauacha uning'inie kidogo chini ya dirisha kama mkufu. Nikamuuliza kwa nini. "Mvua ikishuka na waya, itadondokea hapa. Bila hivi inaingia mpaka kwenye TV."

La tatu lilikuwa menyuni. Antena nyingi za nje zina kikuza mawimbi kidogo ndani, na hicho kinahitaji umeme unaopandishwa na king'amuzi kupitia waya ule ule. Kwenye king'amuzi changu umeme huo ulikuwa umezimwa tangu dukani. Akauwasha. Halafu akanionyesha mistari miwili ya mawimbi, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora, akasema nisidanganywe na wa nguvu. Ule wa kwanza ulikuwa juu tangu mwanzo hata tulipokuwa hatuoni kitu. Wa pili ndio wa kuusikiliza wakati mwenzako anageuza antena juu, sentimita kwa sentimita, wewe ukipiga kelele dirishani. Tulipata stesheni nyingi kuliko nilivyotarajia, na kwa mshangao wangu, safi kuliko za dishi. Mvua ya wiki ile ile ikaja na radi zake, picha haikutikisika.

Kila miezi michache ninatafuta upya stesheni zote, kwa sababu huhama masafa na mpya huzuka. Hilo tu ndilo la kukumbuka. Na ukichomeka flashi, ving'amuzi vingi hurekodi. Tamthilia yangu inaanza saa ile ile wateja wa bajia wanapojaa, kwa hiyo naitazama saa nne usiku, miguu juu ya kigoda.

Watoto niliwahofia bure. Wiki moja walilalamika, wakahamia Akili Kids, chaneli ya bure ya watoto iliyoanza kurushwa hapa Kenya mwaka 2020, na wa mwisho sasa anahesabu kwa Kiswahili na Kiingereza akiwa amekalia ndoo.

Mama mkwe ndiye niliyemwogopa hasa. Makka haipo kwenye antena yetu. Lakini matangazo ya moja kwa moja ya Msikiti Mtakatifu yapo YouTube saa zote, bure, na ya Madina pia. Tuna waifai ya mtaa tunayochangia na nyumba mbili, kwa hiyo nilimuunganishia simu ya zamani kwenye TV kwa waya. Hapa nikuonye: kama huna waifai na unategemea bando la simu, usijidanganye kwamba YouTube ni bure. Picha ya kawaida tu, ya 480p, inakula takriban nusu giga kwa saa. Saa tatu kwa siku ni giga 45 kwa mwezi. Pigia hesabu kwa bei ya bando lako, huenda ukagundua dishi lilikuwa rahisi. Mama mkwe hajali haya. Anachojua ni kwamba siku hizi anaiona Kaaba hata mvua ikinyesha.

Mpira ni habari nyingine, nami sitakudanganya. Ligi ya Uingereza nzima huipati bure kihalali, mtu asikuuzie ndoto. Kombe la Dunia la 2022 KBC walirusha mechi zake, na mechi kubwa kubwa huwa zinapatikana, lakini Arsenal ya kila Jumamosi, hapana. Mume wangu alifanya mgomo wa siku tatu. Mwisho tukakubaliana: aende kibandani, shilingi 50 kwa mechi, na fedha nitatoa mimi kwenye zile nilizookoa. Kwa mwezi haifiki 500. Anadai sasa mpira una ladha zaidi, kwa sababu nyumbani alikuwa hana wa kumtukania refa.

Kijana mmoja alinijia na kijisanduku chake, akasema kwa 1,000 kwa mwaka nitaona ligi zote za dunia. Nilikataa, na si kwa uchamungu tu. Jirani yangu alilipa, akaona wiki tano, kikazimika, na namba ya yule kijana haipatikani mpaka leo. Ni wizi wa matangazo ya watu, na mwizi hana huduma kwa wateja hata ile ya muziki.

Kuhusu dishi lenyewe, niliulizia kama linaweza kupata chaneli za bure za setilaiti. Linaweza, ukiligeuza na kununua risiva nyingine, lakini nilipoona orodha ya nitakachopata, sikuona sababu. Kampuni bado inanitumia ujumbe kila mwezi, kwamba wamenikosa, kwamba kuna punguzo. Dishi tumeliteremsha. Mama mkwe aliliomba, akalisugua kwa mchanga na sabuni, na sasa limelala uani juu ya matofali matatu, anaanikia mbata.