Ukienda Guatemala, punguza orodha

Mara ya kwanza nilikwenda Guatemala na orodha ya sehemu tisa za kuona kwa siku kumi. Nilitazama ramani, nikaona nchi yenyewe ndogo, Tanzania inaimeza mara nane na chenji inabaki, nikajiambia nitaizunguka yote. Nilichokiona vizuri safari ile ni migongo ya viti vya basi. Barabara za kule zinapanda milima na kushuka mabonde siku nzima. Kutoka Antigua hadi Ziwa Atitlán hakufiki kilomita mia, lakini saa tatu zinakwisha. Mara ya pili nikachukua siku kumi na mbili na sehemu nne tu, ndipo nikaiona nchi.

Wageni wengi huanzia Antigua, na hawakosei. Ndege inatua Guatemala City, unachukua gari, saa moja hivi foleni ikikuhurumia. Antigua ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Wahispania mpaka matetemeko ya mwaka 1773 yalipoibomoa, na miaka mitatu baadaye makao yakahamishwa. Yapo makanisa ambayo hayakuinuliwa tena mpaka leo: unaingia, paa hakuna, vipande vya nguzo vimelala chini kama magogo. Kwangu mimi magofu hayo yanalishinda lile tao la njano la Santa Catalina ambalo kila mgeni lazima apige nalo picha. Lilijengwa ili masista wavuke barabara bila kuonekana na watu. Siku hizi chini yake hupati hata pa kukanyaga, labda uende saa kumi na mbili asubuhi. Na viatu viwe vya chini, maana barabara zote ni za mawe. Wenyeji wa pale wana jina la utani, panza verde, yaani tumbo la kijani, kwa sifa yao ya kula parachichi. Nilikula yao nikanyamaza, ingawa kwetu Tanga tunajiona ndio wenye parachichi.

Ukiweza kupanga tarehe, uwe maeneo hayo tarehe 1 Novemba. Katika miji ya Sumpango na Santiago Sacatepéquez, ambayo haiko mbali na Antigua, watu huwakumbuka marehemu wao kwa tiara. Usifikirie tiara za watoto za karatasi na vijiti vya mnazi. Kubwa zake zinapita kimo cha nyumba ya ghorofa, zinasimamishwa kwa kamba na wanaume wengi, na hizo haziruki. Zinazoruka ni ndogo, na wanaozirusha wanakimbia katikati ya makaburi yaliyopambwa maua.

Ukiwa Antigua utashawishiwa kupanda Acatenango, mita 3,976. Watu hawapandi kwa ajili ya mlima wenyewe, wanapanda kumtazama jirani yake, volkano ya Fuego, akitema moto usiku. Mimi nilimwona, na sijui niueleze vipi ule mngurumo unaoutetemesha mgongo wako ukiwa umelala ndani ya hema. Lakini Fuego ana vipindi vya kunyamaza kabisa, kwa hiyo uliza hali yake wiki hiyo kabla hujalipa. Kambi iko kwenye mita 3,600 hivi, karibu sawa na Horombo ya Kilimanjaro, tofauti ni kwamba hapa unafika siku hiyohiyo uliyoanza. Mtoto wa pwani mimi nikaenda na sweta moja. Usiku nilivaa soksi mikononi. Koti zito, glovu na kofia ya sufu vinakodishwa kule chini, kodi vyote bila aibu. Na kiongozi akikwambia leo hatusogei karibu na Fuego, usibishane naye. Juni 2018 mlima huo ulikifukia kijiji cha San Miguel Los Lotes.

Atitlán ni ziwa ndani ya shimo la volkano ya kale, kina chake kinapita mita 300, na volkano tatu zimesimama kando yake. Vijiji vimelizunguka na unatoka kimoja hadi kingine kwa boti. Safiri asubuhi. Mchana unaamka upepo wanaouita Xocomil, na mimi nilipuuza, nikafika ng'ambo nimelowa mpaka pasipoti. Panajachel ni pa kushukia tu, usilale pale. Lala San Juan La Laguna, ambako wanawake wa Kitz'utujil wanapaka nyuzi rangi za majani, magome na maua, kisha wanafuma kwa kifaa cha kufumia kinachofungwa kiunoni. Blauzi yao, huipil, ina nakshi zinazoonyesha kijiji cha mvaaji. Kazi moja inachukua wiki nyingi, hivyo ukianza kukata bei kama uko mnadani utajiaibisha mwenyewe. Picha ya mtu, omba kwanza.

Soko la Chichicastenango, Alhamisi na Jumapili, limeniacha vuguvugu. Ni kubwa kweli, lakini nguo zilezile ukinunua ziwani unamlipa aliyefuma. Semuc Champey, mabwawa ya asili huko msituni, ina maji ya kijani mazuri sana, lakini njia ya kufika huko imenifundisha kuiacha.

Usafiri wa rahisi ni yale mabasi ya shule ya zamani kutoka Marekani, yaliyopakwa rangi zote na kubandikwa majina. Aliyepanda daladala hahitaji mafunzo: konda ananing'inia mlangoni akitaja mwisho wa safari, na kiti cha wawili ni cha watatu. Nayapanda kwa safari fupi za mchana. Safari ndefu nachukua gari dogo la watalii, na kwenda Tikal, magofu ya mji wa kale wa Wamaya msituni, napanda ndege hadi Flores, kama saa moja, badala ya kukaa kwenye basi saa kumi na zaidi.

Tikal niliuziwa "jua la alfajiri". Nikalipa tiketi ya ziada, nikaamka saa tisa usiku, nikapanda ngazi za mbao za Hekalu la IV, mita 65 hivi, nikaona ukungu. Ukungu mtupu mpaka saa mbili asubuhi. Kilichoniokoa ni sauti: kima wa kule wananguruma kama simba, na msitu mzima gizani ulikuwa wao. Siku hizi nashauri watu waende mchana, jua likianza kulegea na mabasi ya watalii yakianza kuondoka.

Sasa Livingston, ambayo watu wengi wanaiacha, na ambayo ningeirudia kesho. Kutoka Flores unashuka kwa barabara hadi mji wa Río Dulce, kisha unapanda boti na kuteremka mto mpaka Bahari ya Karibi. Barabara haifiki. Karibu na mwisho mto unapita katikati ya kuta ndefu za mawe zilizoota msitu, halafu ghafla unaona minazi, na watu weusi wamekaa barazani. Hao ni Wagarífuna, wazao wa Waafrika na wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambao Waingereza waliwafukuza kisiwani St. Vincent mwaka 1797. Siku yao ya taifa Guatemala ni tarehe 26 Novemba, ngoma hazilali.

Chakula chao ni tapado: samaki mzima, kaa na kamba ndani ya tui la nazi, pamoja na ndizi mzuzu. Mama aliyenipikia aliniuliza natoka wapi, nikamwambia pwani ya Afrika, upande wa pili. Akanichukua jikoni kunionyesha anavyokuna nazi. Nikamwomba nikune mimi. Alicheka, akaniachia, na nilipomaliza akasema kwa Kihispania kwamba mkono wangu unaijua.

Kama huli nguruwe, jifunze kusema sin cerdo kabla hujafika, maana huko bara wanamtia hata kwenye maharage. Ukitokea Kenya, Uganda au Kongo, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na ukifika Livingston nunua pan de coco, mkate wa nazi, asubuhi ukiwa wa moto, kwa sababu jioni wote umekwisha.