Maswali ya Lugha: "Batu banakuya" ni Kiswahili kibovu?

SWALI: Hapa Kibirizi tunauza dagaa na migebuka kwa wateja kutoka ng'ambo, Kalemie hasa. Wanasema "batu banakuya", "bintu", "mi njo fundi". Wenzangu wanacheka kuwa ni Kiswahili kibovu. Kijana wangu aliyeko chuoni anasema ni pijini. Nani yuko sahihi?
Mfanyabiashara, Kigoma

JIBU: Wote wamekosea, na kicheko hicho kinatuuma zaidi. Hicho ni Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, ambacho zamani kiliitwa Kingwana. Katika karne ya 19 kilitoka pwani na misafara, kikapita Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa hadi Kasongo na Nyangwe. Baadaye migodi ya shaba ya Katanga ikakusanya vibarua wa makabila mengi, na watoto waliozaliwa huko wakakua nacho.

Hapo ndipo pijini inapoondoka. Pijini ni lugha finyu ya kusaidiana tu, baina ya watu wasio na lugha moja; haina mtoto aliyeinyonya. Mabaharia wa Norwei na Urusi walikuwa na yao, Russenorsk, yenye maneno kama 400 tu: ya samaki, unga, bei na salamu. Biashara ile ilipokatika baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, ikafa. Mteja wako, kinyume chake, anabembelezea mtoto na kuzikia ndugu kwa lugha hiyohiyo anayokupatania bei.

Tena ina kanuni. Sisi tukiweka wa-, wao huweka ba-. Vi- huwa bi-. Kuja ni "kuya". "Njo" hukaa penye ni au ndiye. Kitu kidogo hupewa ka-, kama "katoto". Upatanisho wa ngeli za vitu ndio uliopungua sana. Na Muha anayecheka "batu" akumbuke kwamba nyumbani kwao husemwa abantu.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta wasemaji watatu, mmoja wao mtoto, uwaombe ruhusa ya kuwarekodi nusu saa kila mmoja, mbali na injini za boti. Usiwasomee sentensi za Kiswahili sanifu ili wazigeuze. Wengi watakurudishia sanifu kwa heshima. Usiulize pia "mnasema hivi?", maana utajibiwa ndiyo ya adabu. Fanya vitendo: angusha samaki wawili, kisha uliza kimetokea nini, onyesha picha ya watoto wadogo wanaokuja. Watatu wakitoa umbo lilelile, una kanuni mkononi. Kila mmoja akitoa lake, na mtoto hana lugha hiyo kabisa, hapo ndipo neno pijini lianze kufikiriwa.

Kwa biashara: wateja wengine hutaja tarakimu kubwa na tarehe kwa Kifaransa. Andikeni bei kwenye karatasi kabla ya kupakia.

SWALI: Vijana wa stendi hapa Tabora wana suka, konda, jero na buku. Je, inazaliwa krioli?
Msomaji, Tabora

JIBU: Hapana, hiyo ni misimu. Chukua "Suka amenidai buku mbili". Ondoa suka uweke dereva, ondoa buku uweke elfu: a-me-ni-dai haikutikisika. Sarufi yote ni Kiswahili kilekile. Kilichobadilika ni nguo za juu, ili wa kundi wajuane na abiria asielewe yote. Neno likishajulikana na kila mtu, kama buku lilivyo sasa, vijana hutafuta jingine.

Krioli, yaani lugha iliyozaliwa na mchanganyiko kama pijini ikawa lugha ya mama ya watoto, hugusa mifupa. Sikiliza Kinubi cha Kibera, kilichotokana na askari wa Emin Pasha, gavana wa karne ya 19, waliotoka Sudan Kusini. Maneno ni ya Kiarabu, lakini minyambuliko ya vitenzi vya Kiarabu imetupwa: "ana ruwa" ni nilikwenda, "ana gi-ruwa" ninakwenda, "ana bi-ruwa" nitakwenda. Kitenzi hakibadiliki; gi- na bi- ndizo zinazobeba wakati.

Ipo na aina ya tatu, nayo iko Usambara: Kima'a cha Wambugu, chenye viambishi vya Kibantu na maneno mengi ya Kikushi, jamii ya lugha kama Kisomali na Kiiraqw. Wambugu hao hao wana pia usemi wa kawaida unaofanana na Kipare, na sarufi ya semi hizo mbili ni karibu moja. Hiyo si misimu wala krioli. Wanaisimu huiita lugha mseto.