Maswali ya Wasomaji: Kusasisha Linux Pasipo na Intaneti

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia maabara ya kompyuta za shule ambazo hazina intaneti, wala hakuna dalili kwamba zitaunganishwa hivi karibuni. Zote zilisakinishwa Debian 12, mojawapo ya mikusanyo ya Linux, kwa kutumia DVD ya kwanza ya mwaka 2023. Tangu hapo zimetoka DVD nyingine zenye namba mpya, nami sijui kama napaswa kusakinisha upya kila inapotoka moja. Kwa nini wenye mradi wasitoe diski ya masasisho peke yake, ambayo mtu angeiingiza tu katika kompyuta iliyokwisha kusakinishwa?

JIBU: Ndugu msomaji, usisakinishe upya. DVD zenye namba kama 12.1, 12.2 na kuendelea si matoleo mapya ya Debian. Ni toleo lile lile la Juni 2023, ambalo limeingizwa marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa yaliyokusanywa kwa takriban miezi miwili. Kila mara mradi unapotangaza mkusanyo kama huo huwaambia watumiaji kwamba hakuna haja ya kutupa diski za zamani, kwa kuwa mtu anaweza kusakinisha kutoka diski hizo kisha akachukua marekebisho kutoka seva ya nakala (kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi nakala za programu za Debian) yenye vifurushi, yaani programu zilizofungashwa, vya karibuni. Ushauri huo ni sahihi kabisa kwa mwenye intaneti. Kwa maabara yako hausaidii kitu, na ndiyo sababu swali lako linastahili jibu refu.

Diski unayoiulizia imewahi kutolewa. Katika zama za Debian 6, iliyotoka 2011, na Debian 7, iliyotoka 2013, mradi ulitengeneza, pamoja na seti kamili za CD na DVD, faili za ISO, yaani nakala za diski nzima, ambazo majina yake yalianza na debian-update, na ndani yake mlikuwa na vile vifurushi tu vilivyobadilika tangu siku toleo lilipotoka. Aliyekuwa na seti ya mwanzo aliongeza diski hizo chache, akaziorodhesha kwa amri ya apt-cdrom (sehemu ya apt, programu inayosimamia vifurushi katika Debian), na mfumo wake ukawa sawa na wa mtu aliyeunganishwa. Ninaamini kwamba hii ni huduma ambayo kila distro, yaani mkusanyo wa Linux, inayojitangaza kuwa ya watu wote ingepaswa kuithamini. Hata Canonical, kampuni iliyo nyuma ya distro ya Ubuntu, ilipokuwa ikituma CD za Ubuntu bure kwa posta, kuanzia 2005 hadi 2011, zilikuwa CD za kusakinishia; masasisho yalibaki kuwa shughuli ya mwenye mtandao.

Ugumu wake ni wa kweli, na ni haki kuueleza. Diski ya masasisho hukua kadiri toleo linavyozeeka, kwa sababu ni lazima iwe na kila kilichobadilika tangu mwanzo, la sivyo anayeipata kwa mara ya kwanza atakuwa na pengo. Kerneli (kiini cha mfumo), kivinjari na programu za ofisi ni vifurushi vikubwa, na kivinjari hurekebishwa mara nyingi kuliko karibu kila kitu kingine. Tena kazi hiyo yote hurudiwa kwa kila aina ya prosesa, na mara tu diski inapotolewa, marekebisho mapya ya usalama huanza kutolewa ambayo hayamo ndani yake.

Hata hivyo, hali yako ina nafuu kubwa. Vifurushi hupangwa katika DVD za Debian kwa kufuata jinsi vinavyotumiwa na watu wengi, hivyo vinavyotumiwa sana huwekwa katika DVD ya kwanza. Kwa kuwa kompyuta zako zilisakinishwa kutoka DVD ya kwanza pekee, DVD ya kwanza ya mkusanyo wa karibuni wa Debian 12 ina karibu kila kifurushi ulichonacho, katika hali yake iliyorekebishwa. Kwako wewe, hiyo ndiyo diski ya masasisho. Ingiza diski, andika apt-cdrom add ukiwa na mamlaka ya msimamizi, kisha apt update na apt full-upgrade, na mwisho washa upya kompyuta ili kerneli mpya ianze kutumika. Kama kompyuta hazina kisoma diski, iweke faili ya ISO kwenye flashi, ifungue kama saraka katika /media/cdrom, na uiambie apt-cdrom isijaribu kuifungua yenyewe, kwa kuongeza chaguo la --no-mount. Ukigundua baadaye kwamba kifurushi fulani hakikusasishwa, mara nyingi ni kwa sababu kilitoka katika DVD ya pili au ya tatu, na hizo hupatikana kwa jigdo, programu inayoijenga upya faili ya ISO kutoka vifurushi vilivyomo katika seva za nakala.

Jambo moja usiliruke. Kompyuta iliyosakinishwa kutoka diski kwa kawaida huwa imepangwa kuiamini diski iliyoorodheshwa kwa apt-cdrom, bila kudai saini ya kidijitali kwa orodha ya vifurushi iliyomo ndani yake. Kwa hiyo ukaguzi wote unakuangukia wewe, kabla diski haijachomwa. Pale ulipopakua faili ya ISO pana faili iitwayo SHA512SUMS, yenye namba za uhakiki za ISO, na nyingine yenye saini yake. Hakiki saini kwanza kwa gpg, programu ya kukagua saini, ukitumia ufunguo wa Debian, kisha endesha sha512sum juu ya ISO na ulinganishe herufi na tarakimu zote 128 na zile zilizoandikwa. Usitosheke na sita za mwanzo na sita za mwisho. Iachie kompyuta ilinganishe yenyewe kwa kutumia chaguo la --check.

SWALI: Mwenzangu mwenye intaneti alinipakulia faili za .deb (vifurushi vya Debian) za masasisho, akaniletea kwenye flashi. Nyingine zilikubali, nyingine zilidai vifurushi ambavyo sina, na sasa apt inalalamika kila ninapoigusa. Je, nimeharibu mfumo?

JIBU: Hujauharibu. Kuna vifurushi vilivyofunguliwa bila kukamilishwa, na amri ya apt --fix-broken install itakuonyesha vinavyokosekana, au itapendekeza kuondoa vile visivyoweza kukamilika. Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla hujakubali.

Njia mliyotumia ndiyo niliyo na neno nayo. Katika Debian na jamaa zake, faili moja ya .deb kwa kawaida haibebi saini inayokaguliwa wakati wa kusakinisha. Kinachosainiwa ni faili ya Release ya hazina nzima (ghala la vifurushi); ndani yake mna namba za uhakiki za orodha za vifurushi, na ndani ya orodha hizo mna namba ya uhakiki ya kila .deb. Ukiichukua .deb peke yake na kuiweka kwenye flashi, umeiacha nyuma barua inayoithibitisha. Haitakuwa mbaya kwa sababu hiyo tu, lakini huna tena namna ya kujua, na dpkg, programu inayosakinisha .deb, haitakuuliza. Zaidi ya hapo, mwenzako alikuwa akikisia unachohitaji, na mtu hawezi kukisia kwa usahihi hali ya vifurushi mia kadhaa katika kompyuta asiyoiona.

Programu iitwayo apt-offline huondoa matatizo yote mawili. Katika kompyuta yako unaandika apt-offline set na jina la faili, pamoja na chaguo za --update na --upgrade, nayo inaandika katika faili ndogo kila anwani inayohitajika. Faili hiyo unaibeba hadi kwenye kompyuta yenye intaneti, ambayo inaweza hata kuwa ya Windows, kwa kuwa programu hii imeandikwa kwa Python. Huko unaendesha apt-offline get, ukiiambia kwa --bundle ikusanye kila kitu katika faili moja ya zip. Ukirudi, unaandika apt-offline install na jina la zip hiyo, nayo inazipeleka orodha na vifurushi mahali ambapo apt ingeviweka kama ingevipakua yenyewe, na saini zake zinakaguliwa. Tarajia safari mbili mara ya kwanza: ya kwanza kwa ajili ya orodha mpya, ya pili kwa ajili ya vifurushi, kwa sababu kompyuta haiwezi kutaja masasisho ambayo bado haijaambiwa kuwa yapo.

Kuhusu flashi yenyewe, nyingi huuzwa zikiwa na mfumo wa faili wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayofika GB 4. Mkusanyo wa kwanza baada ya muda mrefu unaweza kuvuka kiwango hicho, na kunakili kukakatika karibu na mwisho. Ibadilishe flashi iwe ya exFAT au ext4 kabla ya safari.

SWALI: Nilinakili hazina ya usalama ya Debian kwenye diski ya nje na kuipeleka kwenye kompyuta zisizo na mtandao. Kompyuta moja inasema faili ya Release imekwisha muda wake, nyingine inasema bado haijaanza kuwa halali. Diski ni ile ile. Inawezekanaje?

JIBU: Hizo ni sababu mbili tofauti. Faili ya Release ya hazina ya usalama huandikwa tarehe ya mwisho wa uhalali, ambayo huwa siku chache tu mbele, ili mtu mbaya asiweze kukulisha orodha ya zamani akikuficha marekebisho mapya. Ulinzi huo unafaa sana mtandaoni, lakini nakala ya kwenye diski huuvuka muda huo karibu mara moja. Katika mstari wa chanzo hicho kimoja ndani ya sources.list, faili inayoorodhesha vyanzo vya apt, ongeza [check-valid-until=no]. Usiandike [trusted=yes], hata ukiona imependekezwa, maana hiyo huzima ukaguzi wa saini yenyewe, na tatizo lako ni la tarehe tu.

Kompyuta ya pili ina saa mbovu. Betri ndogo ya kwenye ubao mkuu ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika, na apt inaona orodha iliyosainiwa katika siku ambayo kwake haijafika. Kwa kompyuta isiyo na mtandao wa kuirekebishia saa, hili hutokea mara kwa mara. Badilisha betri kwanza, kisha rekebisha tarehe kwa amri ya date na uihifadhi kwa hwclock --systohc.

SWALI: Je, watumiaji wa Rocky Linux na AlmaLinux, distro zinazotumia vifurushi vya RPM badala ya .deb, wanaweza kufanya hivyo hivyo?

JIBU: Wanaweza, kwa amri ya dnf reposync, inayonakili hazina, pamoja na chaguo la --download-metadata, kisha kuelekeza chanzo kwenye saraka hiyo kwa anwani inayoanza na file://. Tofauti ni kwamba kila kifurushi cha RPM cha distro hizo hubeba saini yake chenyewe, kwa hiyo hakikisheni mpangilio wa gpgcheck, unaodai saini hiyo, umebaki 1.

SWALI: Kikundi chetu kinataka kutengeneza diski za masasisho na kuzigawa kwa wengine wasio na intaneti. Tuweke nini ndani?

JIBU: Nimefurahi kupata swali hili. Wekeni hazina, si rundo la faili. Nakilini faili za InRelease (faili ya Release ikiwa na saini ndani yake) na orodha za Packages kama zilivyo bila kugusa hata herufi, kwa sababu mkibadilisha chochote saini haitakubali. Vifurushi vyenyewe si lazima viwe vyote: orodha inaweza kutaja maelfu na diski ikabeba mia kadhaa vinavyohitajika, na kila kilichopo kitathibitishwa kwa namba yake. Kama mtaongeza vifurushi vyenu wenyewe, viwekeni katika hazina ya pili, iliyosainiwa kwa ufunguo wenu, na muwape watu ufunguo huo kwa njia nyingine mbali na diski hiyo. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, kwa hiyo amueni mapema kama mnahudumia ofisi au seva, badala ya kujaribu kuwatosheleza wote.

Anayesakinisha upya naye anaweza kunufaika. Kisakinishi cha Debian huuliza kama kuna diski nyingine ya kusoma, na diski ya masasisho iliyotengenezwa kwa muundo wa diski za Debian inaweza kuingizwa hapo hapo. Kama ya kwenu ni nakala ya hazina tu, itumieni mara baada ya mfumo kuwaka kwa mara ya kwanza. Mwambieni mtumiaji aangalie pia sources.list, kwa kuwa kisakinishi kikikosa mtandao hugeuza mstari wa hazina ya usalama kuwa maelezo tu, na siku kompyuta itakapounganishwa, mstari huo utabaki umelala mpaka mtu auondolee alama ya # iliyo mbele yake.

Juu ya kila diski andikeni jina la toleo, aina ya prosesa na, zaidi ya yote, tarehe ambayo hazina ilinakiliwa, si tarehe ya kuchoma. Mpokeaji akiiona tarehe hiyo atajua marekebisho ya usalama yaliyomo yanaishia wapi, na ataweza kuamua kama inafaa kusubiri diski inayofuata kabla ya kuunganisha kompyuta yake na nyingine yoyote.