Kwa Nini Nilihamisha Barua na Picha Zangu

Asubuhi moja niliwasha kompyuta, nikaandika nywila ya akaunti yangu ya barua pepe na picha kama kawaida, nikakutana na mstari mmoja wa maandishi: akaunti imefungwa kwa kukiuka masharti. Sharti lipi, haikusemwa. Chini yake palikuwa na kitufe cha kukata rufaa. Nikajaza fomu, nikasubiri siku tatu, likaja jibu kwamba uamuzi umepitiwa na haubadiliki. Nikajaza nyingine. Siku ya kumi na moja akaunti ikafunguka yenyewe, bila maelezo wala pole.

Siitaji kwa jina kampuni yenye akaunti hiyo, kwa sababu jambo kama hili laweza kumpata mtu popote penye watumiaji mamilioni kwa mamilioni na mashine ndiyo inayohukumu. Lililoniuma zaidi si barua za miaka tisa zilizokwama humo. Ni kwamba kila mlango mwingine niliougonga ulinirudisha palepale. Nilitaka kuingia kwenye huduma nyingine kabisa, isiyohusiana na kampuni hiyo, nikaambiwa: tumekutumia namba ya uthibitisho kwenye barua pepe yako. Barua pepe ipi? Ileile iliyofungwa. Nilikaa nikiitazama ile sentensi kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimemkabidhi mtu mmoja funguo zangu zote, na mtu huyo hana hata namba ya simu ninayoweza kumpigia.

Wengi wakisikia umehama kutoka kampuni kubwa kama hiyo hudhani ni habari ya faragha tu. Faragha ina uzito wake, na ile hoja ya "mimi sina cha kuficha" sikubaliani nayo hata kidogo. Kumbukeni sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, lililofichuka mwaka 2018. Facebook yenyewe ilisema huenda taarifa za watu hadi milioni 87 zilichukuliwa. Wengi wao hawakuwahi kuigusa programu ya maswali iliyotumika kuzikusanya. Aliyeijaza ni rafiki yao, na kupitia kwake mlango wa kwao ukafunguka. Kwa hiyo hata mimi nikiwa mwangalifu, uzembe wa mwingine unanifikia, na uzembe wangu unawafikia walioniamini. Namba za simu za ndugu na marafiki nilizoziweka kwenye akaunti ile hazikuwa mali yangu peke yangu.

Tena kuna hili la huduma kubadilika ukiwa umeshazoea. Google Reader, ya kusomea habari za tovuti mbalimbali, ilifungwa Julai 2013, mtandao wa kijamii wa Google+ ukafuata Aprili 2019, na nafasi ya bure isiyo na kikomo kwenye Google Photos ikakoma tarehe 1 Juni 2021. Wenye mali wana haki ya kuamua, silalamiki, ila wewe huulizwi. Na vitu vingi vikiwa chini ya mwenye mali mmoja, huanguka pamoja: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita, zote kwa mpigo.

Sasa, ukitaka kuhama, anza na anwani ya barua pepe. Usianze na simu wala ramani. Nunua jina lako la kikoa, yaani ile sehemu inayokaa baada ya alama ya @, ulilipie kila mwaka, kisha uliunganishe na mtoa huduma yeyote wa barua umpendaye. Huyo akikuchosha kesho, unahamia kwa mwingine na anwani yako haibadiliki. Watu wataendelea kukuandikia palepale. Gharama ipo, na usipolipa kwa wakati jina linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, kwa hiyo tia ukumbusho mahali ambapo hutakosa kuuona. Mimi nimelipia miaka kadhaa mbele ili nilale usingizi.

Picha ndizo zilizonitoa jasho. Nilipakua zote, faili kubwa kubwa zilizobanwa, nikafurahi, nikaziweka. Wiki mbili baadaye nikazifungua na kukuta picha ziko upande mmoja, na tarehe za nyingi ziko kwenye vijifaili vya maandishi pembeni. Picha ya mwanangu akiwa mchanga ilijipanga kana kwamba ilipigwa juzi. Nilitumia Jumamosi mbili nzima kurudisha tarehe mahali pake kwa msaada wa programu huria. Kwa hiyo ukipakua, fungua siku hiyohiyo, angalia picha kumi za miaka tofauti kabla hujafuta chochote kule ulikotoka. Kisha weka nakala mbili, na moja ikae nje ya nyumba yako.

Kalenda na namba za simu zilihama kwa jioni moja. Kivinjari, dakika tano.

Sijatoka kote. WhatsApp bado ninayo, kwa sababu wazazi wangu wako huko na siwezi kuwalazimisha wahame kwa hofu zangu mimi. Baadhi ya marafiki wamekubali kuhamia Signal, programu ya ujumbe inayoendeshwa na taasisi isiyo ya faida, na ninaowaandikia kila siku wengi wako huko. Ukingoja mpaka uweze kuacha vyote kwa siku moja, hutaacha hata kimoja.

Akaunti ya zamani usiifute haraka. Niliiacha wazi mwaka mzima, barua zake zikielekezwa kwenye anwani mpya, na kila iliyopitia huko ilinionyesha mahali nilipokuwa nimesahau kubadilisha: benki, shule ya mtoto, bima. Mwanzoni zilikuwa kumi na kitu kwa siku. Mwezi wa mwisho ilikuja moja tu, kutoka maktaba niliyojiandikisha zamani na kuisahau kabisa.