Jibu: Mradi wa sayansi kwa binti wa kidato cha kwanza, Mbeya

Dada, umeuliza binti yako aandae mradi gani kwa wiki tatu bila gharama kubwa, na umesema anafikiria volkano ya magadi na siki. Volkano inavutia macho, lakini haina swali la kujibu. Mwache aanzie jikoni kwenu: kwa nini maharage yanachelewa kuiva Mbeya kuliko Kyela, kule bondeni kando ya Ziwa Nyasa?

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yanatokota kweli, ila joto lake ni pungufu. Aazime kipimajoto cha maabara shuleni (cha homa kinaishia nyuzi 42, kitapasuka), akishike kisiguse kitako cha sufuria, asome mara tatu. Kama mna ndugu Kyela, naye apime huko.

Kisha maharage yenyewe: punje 20 zilizolowekwa usiku kucha na 20 kavu, aina moja, maji kiasi kilekile, moto uleule. Kila dakika 10 atoe punje moja kila upande, aipoze, aiminye kwa vidole, aandike.

Namba zisizolingana zibaki daftarini, asizifute. Na bango aandike mwenyewe, tafadhali. Nimeona watoto wakinyamaza mbele ya majaji kwa sababu kazi yote ilifanywa na baba.