Niliacha ualimu nikawa fundi umeme Dodoma

Juzi dada mmoja mzaliwa wa Bukavu alinikuta sokoni Majengo akaniuliza, "Mama Nadia, uliwezaje kuacha ualimu?" Tulikuwa tumesimama kwenye mafungu ya nyanya, watu wanatupita huku na huku, sikumjibu vizuri. Namjibu hapa, yeye na kila mzazi aliyehamia nchi hii na vyeti ambavyo bado havijamnunulia hata kilo ya unga.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nilifundisha Kifaransa sekondari miaka tisa. Mwaka 2017 nilimfuata mume wangu Dodoma, wizara zikiwa zinahama kutoka Dar es Salaam na misingi ya nyumba inachimbwa kila kona ya Nzuguni na Ipagala. Shule moja ya binafsi ilinipa vipindi, lakini mshahara wa Machi niliuona Juni. Kisha mume wangu, dereva wa lori, akaumia mgongo. Watoto watatu, kodi, dawa. Nikaona wazi kwamba chaki haitatuvusha.

Dada yangu, anza na karatasi. Kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji, kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, na hiki hakifanyi kazi ya kile. Digrii ya nje ipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe, hata kama unadhani hutaitumia tena. Mimi nimeolewa na Mtanzania, nikaomba uraia kwa ndoa. Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo niliukana wa Burundi. Siku ile nililia. Ukilia, lia, halafu endelea na safari.

Kuhusu kazi ya kuchagua, usijifungie ndani ukauliza moyo wako unapenda nini. Uliza mji. Nilipita maduka ya vifaa vya ujenzi wiki nzima nikiuliza wateja wanatafuta fundi gani wasimpate. Jibu lilirudi lilelile: fundi umeme anayekuja siku aliyosema atakuja. Ada niliipata kwenye kikoba, nikajiandikisha VETA, chuo cha ufundi stadi, nikakaa dawati moja na vijana wa rika la wanafunzi wangu. Wiki ya kwanza waliniita "madam". Ya pili wakanipa patasi na nyundo nichimbe ukuta wa kupitisha mabomba ya waya kama wao.

Ualimu wenyewe sikuuacha mlangoni. Mwenye nyumba namweleza kila waya unakwenda wapi na kwa nini, na ndiyo maana ananiita tena. Mfano ni ethi, njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja ili usimpige mtu. Mvua za Dodoma zikikatika Aprili, ardhi inakauka, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fundi mwenye haraka anapigilia fimbo ya shaba juujuu, anafukia, anaondoka. Mimi naishusha mpaka chini, nauandaa udongo wa shimo uweze kushika unyevu, napima. Kipimo kikikataa, narudia, hata jua likiwa utosini. Ndani ya nyumba hiyo kuna mtoto atakayeshika friji akiwa peku.

Jambo lililonichelewesha kuliko ada ni aibu. Karibu mwaka mzima sikuwaambia ndugu zangu wa Bujumbura. Mwanangu wa kwanza naye hakutaka nipite shuleni kwao na ovaroli. Sikumgombeza. Likizo ilipofika nilimchukua saiti Ihumwa, akanishikia tochi siku nzima, na jioni yeye ndiye aliyebonyeza swichi ya kwanza sebuleni. Mume wangu anaandika makadirio ya vifaa akiwa amekaa kwenye kiti chake, na kwa hesabu ananizidi.

Kwa hiyo dada, njoo nyumbani Jumamosi, mapema, kabla sijatoka. Njoo na vyeti vyako vyote, na vibali. Tutavipanga mezani kimoja kimoja, na mume wangu atatupigia hesabu ya ada.